Unapenda magwaride ya Waingereza? Usione haya, ila jua unachotazama

Tuseme uko Karurumo, jioni, kazi imeisha na bando limebaki kidogo. Unafungua YouTube kutafuta ngoma mpya, halafu bila kujua ilivyotokea unajikuta unatazama wanajeshi wa makoti mekundu na kofia ndefu za manyoya wakipita katikati ya London, farasi mbele, matarumbeta nyuma. Dakika tano zinageuka saa nzima. Kisha mtu wa nyumbani anapita nyuma yako, anachungulia simu na kuuliza: "Na hao wakoloni unawatazama wa nini?"

Hilo ni swali zito, hasa huku Embu na Meru. Ukilijibu kwa kucheka tu utakuwa umelikwepa. Lakini pia huna haja ya kufunga simu kwa aibu. Wacha tulichambue polepole.

Kwanza, hauko peke yako. Tangu 2016 serikali ilipoanza kuzungusha sherehe za kitaifa nje ya Nairobi, eneo letu la Mlima Kenya limepokea gwaride mara kadhaa. Madaraka Dei ya 2018 ilifanyiwa Kinoru, Meru. Mashujaa Dei ya 2021 ikaenda Wang'uru, Kirinyaga. Halafu Juni 1, 2023, zamu ikawa ya Uwanja wa Moi, mjini Embu. Ulizia waliofika uwanjani siku kama hizo ni nini wanachokumbuka. Wachache watakutajia aya moja ya hotuba. Wengi watakuambia kuhusu bendi.

Goti linatikisika kwa nini?

Kuna sababu mwili wako unaitikia. Mwendo wa haraka wa kijeshi ni karibu hatua 120 kwa dakika, yaani hatua mbili kila sekunde. Huo ndio mwendo wa mtu anayetembea kwa nguvu akijua anakoenda, na hauko mbali na kasi ya ngoma nyingi zinazochezwa klabuni. Mwendo wa polepole nao ni karibu nusu ya hapo. Bendi ikitoka polepole na kuingia haraka, uwanja mzima unahisi mabadiliko hayo kifuani, kama vile DJ anapoachilia beat baada ya kuwanyima kwa muda.

Zamani muziki huu ulikuwa kifaa cha kazi. Kabla ya redio, ngoma na tarumbeta ndizo zilizomwambia mwanajeshi asonge mbele, arudi nyuma, aamke au alale. Bendera ya kikosi nayo ilikuwa alama ya kukusanyikia vitani: moshi ukitanda na watu wakipotezana, ulitazama bendera ilipo, ukaikimbilia. Kwa hivyo ilibidi kila mwanajeshi aijue bendera yake vizuri. Ikawa desturi kuipitisha polepole mbele ya safu ili wote waione. Hapo ndipo lilipotoka gwaride la Trooping the Colour, ambalo Uingereza huliandaa kila Juni kusherehekea siku rasmi ya kuzaliwa kwa mfalme au malkia. Sherehe hiyo imefungamanishwa na siku hiyo tangu 1748, na siku hizi hushirikisha zaidi ya wanajeshi 1,400, farasi 200 na wanamuziki 400.

Hata neno "tattoo", lile la tamasha maarufu la bendi za kijeshi linalofanyika Edinburgh tangu 1950, halihusiani na michoro ya ngozi. Lilitokana na maneno ya Kiholanzi yenye maana ya "fungeni bomba". Jioni mpiga ngoma alizunguka mitaani akiwaambia wenye baa wafunge mapipa ya pombe ili wanajeshi warudi kambini. Leo tungesema ni ngoma ya kufunga klabu!

Hata wao waliazima

Hapa ndipo wengi hushangaa. Tunasema "bendi ya Waingereza" kana kwamba kila kitu kilizaliwa kwao, lakini ukianza kuhesabu, vitu vingi walichukua kwa wengine. Ngoma kubwa na matoazi yaliingia katika bendi za kijeshi za Ulaya kutoka kwa Waturuki wa dola la Ottoman, na kufikia karne ya 18 kila jeshi kubwa la Ulaya lilikuwa linawaiga. Na zile kofia ndefu za manyoya ya dubu? Kikosi cha Grenadier kilizivaa baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815, kwa mfano wa walinzi wa Napoleon ambao Waingereza na wenzao walikuwa wamewashinda. Kofia ya adui ikawa fahari ya mshindi.

Na sisi pia tuliazima, mapema kuliko unavyofikiri. Miaka ya 1890, vijana wa Pwani waliona bendi za kikoloni na za mabaharia, wakachukua walichopenda na kuunda ngoma yao waliyoiita beni, kutokana na neno la Kiingereza la bendi. Huko Mombasa kulikuwa na makundi hasimu, Kingi na Scotchi. Walishindana kwa mavazi, kwa matarumbeta, kwa vyeo vya kujipachika wenyewe, na kwa mashairi ya kupigana vijembe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari na wapagazi waliieneza beni hadi ndani kabisa ya Tanganyika, ambako makundi ya Arinoti na Marini yalifanya mitaa iwake moto. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu ngoma hiyo mwaka 1975.

Hebu fikiria: kijana anayelipa kodi ya mkoloni mchana, jioni anavaa kofia, anajiita jenerali na kuongoza bendi yake. Alikuwa akiiga kweli, lakini alikuwa pia akisema kwamba cheo hicho hata yeye anaweza kukivaa, na pengine kikamkaa vizuri zaidi.

Sasa lile swali la nyumbani

Turudi huku kwetu, maana historia ya Embu na Meru haifanani na ya Pwani. Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja katika maeneo ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa katika mashamba yao na kusukumwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ua. Walinzi walikuwa mlangoni na saa za kutoka nje zilihesabiwa. Kwa mtu aliyekuwa mtoto wakati huo, mlio wa buti zikigonga chini kwa pamoja haukuwa burudani. Ulikuwa ishara ya kujificha.

Kwa hivyo shosho au guka akikunja uso akiona makoti mekundu kwenye simu yako, usimwambie ni mambo ya kale. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza yenyewe ilikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa katika kipindi hicho, ikaeleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Mnara wa kuwakumbuka walioteswa ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, Septemba 12, 2015. Hayo si mambo ya kale sana. Wewe unayesoma hapa pengine ulikuwa tayari uko shuleni.

Lakini hadithi ina kona nyingine. Waruhiu Itote, tunayemjua kama Jenerali China, aliyeongoza wapiganaji wa Mau Mau katika Mlima Kenya, alijifunza uanajeshi wapi? Katika King's African Rifles, jeshi la mkoloni lililoundwa 1902. Alikuwa na jeshi hilo huko Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Amri, safu, nidhamu, yote hayo aliyapata kwa Mwingereza, kisha akayapandisha mlimani kumpiga nayo Mwingereza. Alikamatwa Januari 1954. Baada ya uhuru akawa mmoja wa wakubwa wa NYS, huduma ya vijana iliyoanzishwa 1964.

Kwa hivyo unapowaona vijana wa NYS wakipita uwanjani wakirusha mikono juu hadi umati unapiga mbinja, huo mwendo umepita mikono mingi kabla ya kuwafikia. Umepitia kambi za KAR. Umepitia Burma. Umepitia msituni. Ukiuita "wa Waingereza" tu, utakuwa umewaondoa watu wetu katika hadithi yao wenyewe.

Na kuna wimbo wa taifa. Usiku wa kuingia Desemba 12, 1963, bendera ya Uingereza iliteremshwa pale Uhuru Gardens, Prince Philip akitazama, na yetu ikapanda. Muziki wa wimbo wetu mpya ulitokana na bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa mama kumtuliza mtoto. Leo wimbo huohuo unapigwa kwa matarumbeta na wanajeshi wanasimama wima kama mlingoti. Ukiusikia tena, sikiliza vizuri: chini ya shaba yote hiyo kuna mama anambembeleza mtoto.

Jinsi ya kutazama kama mjuzi

Ukitazama gwaride la London, anza na vifungo vya makoti. Vikosi vitano vya walinzi wa miguu vinafanana ukiwa mbali, ila vifungo huvitenganisha. Grenadier huvipanga kimoja kimoja, Coldstream viwili viwili, Scots vitatu vitatu, Irish vinne vinne, Welsh vitano vitano. Ukishajua hilo, utakuwa yule mtu anayewaeleza wengine sebuleni.

Kisha mtazame kiongozi wa bendi, yule mwenye fimbo ndefu anayetangulia. Fimbo si pambo. Bendi ikipiga kwa nguvu hakuna sauti ya mtu inayoweza kusikika, kwa hivyo yeye huzungumza kwa fimbo: geuka, simama, nyamaza. Ukiijua lugha hiyo utaanza kukisia bendi itafanya nini kabla haijafanya.

Halafu rudi nyumbani. Desemba 12, siku ya Jamhuri, jeshi letu la KDF nalo hupitisha bendera ya kikosi mbele ya Rais, kwa utaratibu uleule uliotoka London. Linganisha hayo mawili. Utaona mpangilio unafanana, lakini sikiliza muziki: bendi zetu huchomeka humo nyimbo za Kenya, na ghafla watu walioketi jukwaani wanaanza kutikisa mabega. Hapo hakuna mwongozo wa Uingereza unaosema watu wafanye hivyo. Sherehe zikiletwa karibu nawe, amka mapema, maana viwanja hujaa kukiwa bado na giza.

Na kama unatamani kupiga badala ya kutazama tu, usingoje miujiza. Jeshi la Wokovu limekuwa Kenya tangu 1921, na bendi zake za matarumbeta zimefundisha watu wengi kusoma noti. Polisi, Magereza, NYS na KDF wote wana bendi. Nafasi za kujiunga zikitangazwa, kumbuka kuandikishwa jeshini ni bure. Yeyote anayekuitisha pesa kidogo ya chai ili akupenyeze kwenye bendi ni mwizi, na anayetoa hiyo chai pia anavunja sheria.

Lakini kabla ya hayo yote, kuna jambo moja unaloweza kufanya leo bila bando wala nauli. Kama una shosho au guka aliyeishi miaka ya hali ya hatari, kaa naye. Usianze na video. Anza kwa kumuuliza nyimbo zilizoimbwa wakati ule: kanisani, shambani, kwenye mitaro, na zile zilizoimbwa kwa sauti ya chini ili mlinzi asisikie. Wapiganaji walichukua tuni za kanisani wakazitilia maneno ya uhuru, na huenda yeye anazijua baadhi. Akikubali, mrekodi kwa simu.

Video za London zitakuwepo mwaka ujao, na mwaka wa baada ya huo. Wanaokumbuka nyimbo za mitaroni wanapungua kila mwaka. Penda bendi zote unazotaka, rafiki, ila hiyo rekodi ya shosho iweke mbele kwenye foleni.