Sanamaki haisukumi chakula kilicholala tumboni

"Daktari, nitumie nini kusafisha tumbo?" Swali hili sasa limezidi. Anayeniuliza mara nyingi ana kisukari cha miaka mingi. Akila vijiko vichache ameshiba, tumbo limejaa, kichefuchefu hakimwachi. Makande aliyokula mchana anayatapika usiku, na punje za mahindi bado zinatambulika. Ameshameza dawa za vidonda vya tumbo bila nafuu. Jirani kamwambia tumbo lina uchafu, na muuza dawa sokoni kamfungia sanamaki.

Hakuna uchafu. Kuna chakula ambacho hakijaondoka. Hali hiyo ni gastroparesisi: njia iko wazi, lakini tumbo halina nguvu ya kukisukuma chakula kwenda kwenye utumbo mwembamba. Kisukari huileta kwa kuharibu neva ya vagasi. Upasuaji wa tumbo, virusi na baadhi ya dawa, ikiwamo tramadoli, huweza kuileta pia, na kwa wagonjwa wengi chanzo hakionekani.

Sasa tuizungumze sanamaki. Majani yale hufanya kazi kwenye utumbo mpana. Bakteria wa huko ndio wanaoyageuza mpaka yapate nguvu ya kusukuma choo. Shubiri nayo ni hivyo hivyo. Chakula chako kimelala juu, na kati yake na utumbo mpana kuna mita kadhaa za utumbo mwembamba. Utaharisha usiku kucha, utapoteza maji na potasiamu, na makande yatakuwa palepale. Tena potasiamu ikishuka, misuli ya tumbo huzidi kulegea. Dawa uliyoinunua ili iliamshe tumbo ndiyo inayolilaza. Naomba tuliache jambo hili.

Wapo na wanaosema, "Kula nyuzinyuzi kwa wingi": dona badala ya sembe, kisamvu kila siku, unga wa mlonge kwenye uji. Kwa mwenye choo kigumu huo ni ushauri mzuri. Kwako ni hatari. Tumbo lenye afya husaga chakula mpaka chembe za milimita 1 hadi 2 ndipo huziachia zipite. Nyuzi hazisagiki hivyo. Kwenye tumbo lililolegea hubaki, hujisokota na kushikamana kuwa bonge, na bonge hilo huenda likahitaji kuvunjwa kwa endoskopi au kutolewa kwa upasuaji. Anayeuza mlonge kama dawa ya kila tumbo anacheza na maisha ya watu.

Na anayejidunga insulini asikie hili vizuri. Insulini inaingia damuni kwa wakati wake huku chakula kimekwama. Sukari inashuka mgonjwa akiwa ametoka mezani, kisha saa kadhaa baadaye inapanda. Ndugu husema anakula ovyo, kumbe sivyo. Sukari ikishuka, anywe maji ya sukari au glukosi, mkate utachelewa. Saa ya kujidunga ipangwe upya na daktari, kwa sababu sukari iliyopanda nayo hulichelewesha tumbo.

Ulizeni hivi: kwa nini chakula hakishuki? Endoskopi kwanza, tujue kama kovu la kidonda au uvimbe haujaziba njia. Kisha, pale kipimo kilipo, mgonjwa hula chakula chenye kiasi kidogo cha mionzi. Kikibaki zaidi ya asilimia 10 baada ya saa 4, tumbo linachelewa.

Mengine ni haya. Kula kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Tafuna mpaka chakula kilainike kabisa. Uji laini wa sembe, mtori uliosagwa, bokoboko la wali, samaki wa kuchemsha, yai, mtindi, papai bivu: hivi hupita. Makande, karanga, nyama choma, chipsi, embe la nyuzi na nyama ya chungwa viache. Juisi ya chungwa iliyochujwa inafaa. Mboga ichemke, isagwe, ichujwe. Siku mbaya, kunywa chakula chako, maana vimiminika hupita kwa urahisi zaidi. Acha pombe na sigara. Usilale kabla ya saa 2 kupita tangu ule, tembea kidogo. Metoklopramidi husaidia, ila isizidi wiki 12 bila daktari: huweza kuacha midomo na ulimi vikichezacheza bila hiari, pengine moja kwa moja. Erithromaisini kwa dozi ndogo husaidia kwa muda, kisha nguvu yake hupungua. Dawa zako zote zipelekwe kliniki zikaguliwe, hata zile za maumivu.

Ukitapika damu, ukishindwa kubakiza hata maji, au uzito ukiendelea kushuka, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.