Kupasua na Kukata: Namna ya Kuchagua Bamba la Msumeno wa Meza



Mwezi wa Rajabu ulipoandama, marufaa ya chuo chetu yalikuwa yamekwisha kuwa taabani. Mengine yamevunjika miguu, mengine yamefungwa kamba, na watoto wakisoma wawili wawili kwa marufaa moja huku wakisukumana viwiko. Wazazi wakaafikiana kwamba hatutanunua. Tutatengeneza wenyewe, marufaa 30, katika gereji ya mwenzetu mmoja hapa mashariki ya London. Ukapatikana msumeno wa meza uliokwisha tumika, na mbao za mvule. Mimi nikapewa kazi inayonistahiki kwa umri wangu, nayo ni kukaa kitako, kusimamia na kunywa chai.

Jumamosi ya kwanza karibu ituletee msiba. Kijana wetu aliyekuwa kwenye mashine alianza kupasua ubao kwa urefu wake. Ubao ukaenda kwa shida, ukatoa moshi, na ubavu wake ukawa mweusi kama uliopitishwa jikoni. Kisha ukagoma kabisa. Ulikuwa umekwama kwenye kile kisu kidogo kisichozunguka, kilichosimama nyuma ya bamba. Kijana akaona kisu hicho ndicho kizuizi, akakifungua akakiweka kando. Dakika chache baadaye ule mpasuo ukajifumba, ukalibana bamba, na ubao ukaruka kurudi nyuma kama mshale. Ulimpata mwenye gereji ubavuni. Alhamdulillahi, hakuvunjika mfupa, lakini wiki tatu alikuwa akilala upande mmoja tu.

Nilipouliza, nikaambiwa, "Maalim, bamba ni jipya, tumelinunua jana, na lina meno 80." Walidhani meno yakizidi ndiyo ubora. Hapo nikatambua kuwa kosa lilianzia dukani.

Lugha yetu wenyewe imetutangulia katika jambo hili. Hatusemi fundi "amekata" gogo kuwa mbao, twasema amepasua. Marehemu ami yangu, aliyekuwa seremala Unguja, akinichukua nikiwa mdogo kuwatazama wapasuaji: gogo limelazwa juu ya shimo, mmoja amesimama juu yake, mwenzake yumo shimoni macho yamejaa unga, na msumeno mrefu unapanda na kushuka baina yao. Kupasua ni kufuata nyuzi za mti. Kukata ni kuzikatisha. Jino la kupasulia hufanya kazi ya patasi: hukwangua nyuzi na kuzitoa kwa wingi. Jino la kukatia hufanya kazi ya kisu: huzichanja nyuzi pande zote mbili kabla ya kuziondoa, ili zisichanike.

Umeme haukuibadilisha kanuni hiyo. Kwa bamba la milimita 250, ambalo ndilo la kawaida kwa misumeno ya meza hapa Uingereza, bamba la kupasulia huwa na meno kama 24, bapa kwa juu, yaliyoinama mbele kiasi cha digrii 20, na baina ya jino na jino pana nafasi kubwa ya kuchukulia unga. Bamba la kukatia, na la playiwudi, huwa na meno 60 hadi 80, yaliyochongwa mshazari kwa zamu, moja kulia na moja kushoto. Ukilipeleka hilo la meno 80 kupasua ubao mnene, vile vijinafasi vyake hujaa unga, bamba hupata moto, na moto hulipinda. Ule weusi tuliouona ulikuwa ndio shahidi. Lipo pia la meno 40, la kati na kati. Asiyeweza kununua mawili anunue hilo, mradi asitegemee maajabu.

Sasa nirejee kwenye kile kisu cha nyuma, kwani hapa ndipo penye roho za watu. Kazi yake ni kuuzuia mpasuo usijifumbe. Mti una nguvu zilizofungwa ndani yake, na ukiupasua hupenda kujipinda. Ukilibana bamba, meno ya nyuma, ambayo yanapanda juu, huunyanyua ubao na kumtupia aliyesimama mbele. Mashine yetu imeandikwa mizunguko 4,000 kwa dakika. Wanaokumbuka hesabu za skuli wazidishe: ncha ya jino la bamba la milimita 250 inakwenda zaidi ya kilomita 180 kwa saa.

Kisu hicho lazima kiwe chembamba kuliko upana wa meno, na kinene kuliko mwili wa bamba. Chetu kina milimita 2.5. Bamba lililonunuliwa lilikuwa la bei nafuu na jembamba. Meno yake yalikuwa na upana wa milimita 2.4 tu. Mpasuo wa 2.4 hauwezi kupita kwenye kisu cha 2.5! Kijana wa watu akatoa kinga ili bamba lipite, badala ya kutoa bamba ili kinga ibaki. Bamba lililotufaa lilikuwa la meno ya milimita 3.2 na mwili wa 2.2. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, kisome kisu cha mashine yako. Mara nyingi unene wake umeandikwa ubavuni.

Jingine ni tundu la katikati. Mabamba ya hapa Ulaya kwa kawaida yana tundu la milimita 30. Ya Marekani, ya inchi 10, yana tundu la karibu milimita 16. Ndugu wa Toronto au Minneapolis akikuletea zawadi, mshukuru, lakini usilipanue tundu kwa keekee. Likikosa katikati hata kidogo, bamba litayumba. Tazama pia mizunguko ya mwisho iliyoandikwa juu ya bamba, isipungue ile ya mashine. Na wale wanaofunga bamba la mbao kwenye grainda, inayozunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika na haina kisu cha nyuma, nawaomba kwa jina la Mwenyezi Mungu waache.

Dukani, lishike bamba mkononi. Chunguza vile vipande vidogo vya tangisteni kabaidi vilivyounganishwa kwenye ncha za meno. Vikiwa vinene, bamba litanolewa mara kadhaa. Vikiwa kama ganda la yai, utalinoa mara moja kisha ulitupe. Tafuta maandishi EN 847-1, ambayo ni kanuni ya usalama ya Ulaya kwa zana hizi. Rangi ya kung'aa haina maana yoyote.

Mvule una mambo yake. Katika maduka ya mbao ya London unaitwa iroko, na wengi wetu tunaupita bila kujua kuwa ni mti wa kwetu. Ndani yake huwa na vijiwe vya chokaa vinavyoua makali upesi, nao unga wake hukereketa ngozi na kifua. Unga wa mbao ngumu umethibitishwa kusababisha saratani ya pua. Vaeni barakoa ya vumbi iliyo madhubuti, na mashine iwe na kivuta-vumbi.

Bamba likianza kunuka moto, au ukijikuta unausukuma ubao kwa nguvu, usikimbilie kulitupa. Chomoa plagi, litoe, lioshe utomvu kwa maji ya moto na sabuni, likaushe. Likiendelea hivyo hivyo, lipeleke kunolewa. Bamba butu ni la hatari zaidi kuliko kali, kwa sababu mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza. Kwa vipande vyembamba tumieni fimbo ya kusukumia, wala si vidole.

Jumamosi ya pili tulifunga bamba la meno 24, kisu kikarudi mahali pake, na kinga ya juu pia. Ubao ule ule wa mvule ukapita bila moshi. Bawaba za marufaa, zile zinazopishana kama vidole, tulizichonga kwa msumeno wa mkono na patasi, na hapo hata mimi niliacha chai yangu. Marufaa 30 yalikamilika siku nne kabla ya Ramadhani. Lile bamba la meno 80 limetundikwa ukutani likingoja mashine yenye kisu chembamba zaidi, na mwenye gereji ameandika juu yake kwa kalamu nene: "Playiwudi tu."