Bata mzinga Nigeria: Nyama ya sikukuu inayopita njia za panya

Nchini Nigeria, wali wenye mchuzi mwekundu wa pilipili na kipande kinene cha bata mzinga juu yake ni sahani ya heshima. Huandaliwa harusini, Krismasi na kila penye mgeni wa kukirimiwa. Wahausa humwita ndege huyu talo-talo, na Wayoruba humwita tolotolo. Lakini sehemu ya nyama hiyo inayouzwa masokoni imeingia nchini kwa magendo kutoka Benin, nchi jirani ya magharibi. Kwa mnunuzi, swali la kwanza si namna ya kuipika, bali namna ilivyosafirishwa.

Kwa nini hupitishwa kwa magendo?

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Nigeria imepiga marufuku kuingiza kuku na bata mzinga waliogandishwa kutoka nje. Lengo lilikuwa kuwalinda wafugaji wa ndani. Hadi leo nyama hiyo imo katika orodha ya bidhaa zilizokatazwa inayosimamiwa na Idara ya Forodha.

Benin haikuweka katazo kama hilo. Bandari yake ya Cotonou, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 120 kutoka Lagos, hupokea makontena ya nyama ya ndege kutoka Ulaya, Brazil na Marekani. Benin ina watu wachache mno ikilinganishwa na Nigeria yenye zaidi ya watu milioni 200, na sehemu kubwa ya shehena hizo huvuka mpaka kwa siri.

Mwezi Agosti 2019, serikali ya Nigeria ilifunga mipaka yake ya nchi kavu ili kukomesha magendo, hasa ya mchele. Desemba 2020 vituo vinne vya mpakani viliruhusiwa kufunguliwa, kikiwemo cha Seme kilicho kwenye barabara ya Lagos na Cotonou. Katazo la nyama ya ndege, hata hivyo, halikuondolewa, na forodha imeendelea kukamata shehena zake.

Wanunuzi nao wana sababu zao. Bata mzinga wa kufugwa nyumbani hukua taratibu, na chakula chake, hasa mahindi na soya, ni ghali. Nyama ya nje hutoka kwa ndege waliokuzwa haraka, hivyo ni laini zaidi, na huuzwa vipande vipande kwa kilo. Mwenye fedha kidogo anaweza kununua mabawa mawili bila kulazimika kununua ndege mzima.

Hatari iko wapi?

Nyama iliyogandishwa hubaki salama iwapo baridi yake haikatiki. Kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, kuanzia kiwandani hadi kwa muuzaji. Mfanyabiashara wa magendo hawezi kutumia lori la baridi mbele ya macho ya maafisa. Hivyo nyama hufichwa chini ya mizigo mingine na kusafirishwa katika joto, ikayeyuka, kisha ikagandishwa tena sokoni.

Kugandisha hakuui bakteria, bali huwasimamisha tu. Nyama ikiyeyuka, huanza kuongezeka tena, na huongezeka upesi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Kuchemsha vizuri huwaua bakteria kama salmonella. Lakini baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Kwa hiyo imani kwamba mchuzi ukichemka sana husafisha kila kitu si sahihi.

Forodha na NAFDAC, mamlaka ya kudhibiti chakula na dawa nchini humo, zimeonya pia kwamba baadhi ya wafanyamagendo hutumia fomalini ili nyama isioze. Fomalini ni kemikali ya kuhifadhia maiti. Kiini chake, fomaldehaidi, kimeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Nini cha kuangalia sokoni?

Nyama iliyotunzwa vyema huwa ngumu kama jiwe, na vipande vyake havijashikamana kwa barafu nene. Maji mekundu yaliyoganda chini ya mfuko ni dalili kwamba iliyeyuka kisha ikagandishwa upya. Rangi ya kijani au kijivu, utelezi juu ya ngozi, harufu ya uchachu au harufu kali ya dawa ni sababu tosha ya kuiacha. Hata hivyo, macho na pua havitoshi, kwani nyama inaweza kuonekana njema na bado ikawa na vijidudu. Njia ya uhakika zaidi ni kununua kwa muuzaji ambaye asili ya bidhaa yake inajulikana, au kununua ndege hai kwa mfugaji na kumchinja.

Kwa mchuzi, mabawa, mapaja, shingo na firigisi hufaa kuliko kidari. Kidari kina mafuta machache na hukauka upesi, ilhali sehemu zenye mifupa na ngozi hutoa supu nzito. Inafaa nyama iwe kitu cha mwisho kununuliwa kabla ya kurejea nyumbani.

Kuhifadhi penye umeme wa kukatika

Gridi ya taifa ya Nigeria ilizimika mara kadhaa mwaka 2024. Aidha, tangu ruzuku ya petroli ilipoondolewa Mei 2023, kuendesha jenereta kumekuwa mzigo mzito. Katika hali hiyo, ni busara kugawa nyama katika mafungu ya mapishi mamoja, ili kisiyeyushwe ila kinachopikwa.

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kwa takriban saa 48 baada ya umeme kukatika. Iliyojaa nusu, takriban saa 24. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu inaweza kugandishwa tena. Iliyoyeyuka na kukaa katika joto kwa zaidi ya saa mbili itupwe. Katika jokofu la kawaida, nyama mbichi ya ndege isizidi siku mbili. Kuyeyusha kufanyike ndani ya jokofu, au katika maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa, nyama ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Jikoni

Wapishi wa Nigeria huanza kwa kuchemsha vipande pamoja na kitunguu, majani ya thaimu, bizari na chumvi. Maji huwa machache, kwa kuwa nyama hutoa maji yake. Bata mzinga wa kienyeji huweza kuhitaji zaidi ya saa moja kulainika. Wa friza huiva mapema. Kisha nyama hukaangwa au kuchomwa hadi ngozi iwe ya kahawia, na supu huwekwa kando.

Nyanya, pilipili hoho nyekundu, pilipili mbuzi na vitunguu husagwa na kuchemshwa hadi maji yakauke, ndipo hukaangwa katika mafuta hadi uchachu wa nyanya uishe na mafuta yaelee juu. Hapo supu humiminwa, nyama hurejeshwa, na vyote huchemka polepole ili viungo viingie. Nyama iko tayari joto la ndani linapofika nyuzi 74. Asiye na kipimajoto atazame karibu na mfupa: majimaji yasiwe mekundu.

Mchuzi uliobaki usilale mezani. Ugawanywe katika vyombo vidogo ili upoe haraka, uingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili, na uliwe ndani ya siku tatu au nne, baada ya kupashwa moto hadi uchemke.

Maadamu ndege wa ndani ni ghali kwa familia nyingi, katazo peke yake halitaiondoa nyama ya magendo sokoni. Wafugaji wa Nigeria wanahitaji chakula cha mifugo cha bei nafuu na umeme wa kuhifadhia nyama yao. Mpaka hapo, kazi ya ukaguzi inabaki kwa yule asimamaye mbele ya meza ya muuzaji.