Je, Wajua? Gumba la Mwamuzi wa Besiboli

Gumba linahesabu, macho yanabaki kwenye mpira
Ndani ya kiganja cha kushoto cha mwamuzi wa besiboli mmejificha kifaa kidogo chenye magurudumu matatu au manne: la mirusho mibaya, la straiki, la wachezaji waliotolewa, na pengine la vipindi. Mkono wa kulia huachwa huru, maana ndio unaotoa ishara ya straiki.

Tupa hukifanya kisomeke bila kutazamwa
Hapa ndipo ninapovua kofia! Wapo waamuzi wanaochukua kifaa kipya na kukipiga tupa: huchonga pengo dogo ukingoni mwa gurudumu, mahali penye sifuri. Gumba likiangukia pengoni, hesabu imerudi mwanzo, wala hakuna haja ya kuinamisha kichwa. Kwenye ligi kuu ya Marekani, mrusho wa kasi humfikia mpigaji kwa muda usiotimia nusu sekunde. Anayechungulia kiganjani wakati huo ameshaukosa.

Adui mkubwa ni vumbi
Gurudumu likijaa mchanga hukwama, na likilegea hujizungusha lenyewe na kuharibu hesabu. Dawa ni mswaki mkavu kwenye meno yake, na bisibisi kwa vile vyenye skrubu. Mafuta mengi hayasaidii, hunasa vumbi zaidi.

Zamani gurudumu lingehitaji kufika 9
Mwaka 1879 mpigaji alisubiri mirusho mibaya 9 ndipo apewe besi ya kwanza bure. Idadi ilipunguzwa kidogo kidogo hadi 4 mwaka 1889, na haijabadilika tena.

Japani walianza na straiki
Wakitangaza hesabu, Wamarekani hutaja mirusho mibaya kwanza, kisha straiki. Ligi ya kulipwa ya Japani ilifanya kinyume hadi 2010, ilipogeuza mpangilio. Fikiria gumba lililozoea upande mmoja miaka yote!

Brashi ya mfukoni ilizaliwa na kifundo cha mguu
Waamuzi walikuwa wakifagia bamba la nyumbani, lenye upana wa sentimita 43, kwa ufagio wa mpini mrefu. Husimuliwa kwamba mwaka 1904 mchezaji Jack McCarthy wa Chicago aliukanyaga akikimbilia bamba hilo, akaumia kifundo, na ligi ikaagiza brashi ndogo za mfukoni. Adabu ya kufagia nayo inapendeza: kabla ya kuinama, mwamuzi humgeuzia mrushaji mgongo, ili asiwainamie kinyumenyume watazamaji walioketi nyuma ya bamba.