Kukaa bwete si uvivu: maana na matumizi ya neno ‘bwete’ (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliyatenganisha maneno matatu ambayo wengi huyachanganya: uvivu, uzembe na ajizi. Tuliona kwamba mvivu hataki kazi, mzembe huifanya bila kujali, naye mwenye ajizi huiahirisha leo na kesho mpaka ikamharibikia. Tuliona pia kwamba ajizi lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kutokuwa na uwezo, kisha lawama ikaliandama lilipofika kwetu. Leo nalileta neno la nne, bwete, kwa sababu naona msiba ulioipata ajizi umeanza kulipata nalo.

Hapa Uriri, katika daftari la mwanafunzi wa Gredi ya Sita, nilisoma sentensi hii: ‘Nyanya yangu ni bwete kwa sababu miguu inamuuma.’ Ilikuwa imewekewa alama ya vema. Mtoto yule hakukusudia kumtusi nyanyake. Alitaka kusema kwamba ajuza huyo hatembei tena kama zamani, anashinda pale pale alipoketi asubuhi. Sentensi aliyoiandika, hata hivyo, inamfanya bikizee wa watu aonekane mtu asiye na faida nyumbani.

Tuanze na sarufi. Bwete hufanya hasa kazi ya kielezi, nalo hupenda kuandamana na vitenzi vya mkao: kukaa bwete, kuketi bwete, kujilaza bwete. Liko katika ukoo mmoja na chali, kitako, kifudifudi na tuli. Ukoo huu hueleza namna mwili ulivyo kwa wakati fulani, wala hauelezi mtu alivyo siku zote. Tunasema ‘alilala chali’, hatusemi ‘fulani ni chali’ (chali ya vijana wa Sheng ni neno jingine kabisa). Vivyo hivyo tunasema ‘amekaa bwete’, na kesho akiinuka kwenda kupalilia shamba, ubwete umekwisha. Ubwete ndiyo nomino yake, nao hupigwa: watu hupiga ubwete kama wapigavyo soga.

Katika ukoo huo, ndugu anayefanana sana na bwete ni tuli. Mgonjwa anapodungwa sindano huambiwa akae tuli. Mvuvi wa ndoana ukingoni mwa mto Kuja hukaa tuli. Miili yao haisogei, lakini kutosogea kwao kuna kazi. Aliyekaa bwete naye hasogei, ila hakuna analolisubiri, hakuna analolitenda. Tofauti hii ni nyembamba, na ndiyo inayomtoa makosani nyanya wa daftarini. Wakongwe wa huku wanaouguza magoti sijawaona wakikaa mikono mitupu. Huketi juu ya gunia chini ya mti, sinia la njugu karanga mapajani, wakamenya kutwa. Njugu zikiisha huletewa mahindi ya kupukuchua, na huku wanalinda mtoto asiangukie jikoni. Mtu wa namna hiyo anashinda kitako. Hajakaa bwete.

Na kitako chenyewe kina heshima yake katika Kiswahili. Wazee wenye jambo zito huambiana wakae kitako wazungumze. Watu wa Lamu na Mombasa hubarizi nje ya nyumba zao jioni, wakapeana habari za ndoa, za safari na za bei ya samaki, na hakuna mwenye akili timamu anayewaita wavivu. Lugha iliyolelewa barazani haiwezi kuhesabu kila kuketi kuwa kosa.

Nadhani najua mtoto yule aliitoa wapi sentensi yake. Wengi wa watoto wa huku Kanyamkago huwaza kwa Dholuo kabla ya kuandika Kiswahili, na Dholuo kina namna nzuri ya kueleza kukaa kusiko na shughuli: obet abeta. Kitenzi hurudiwa kwa umbo jingine, na maana huwa ‘amekaa tu’, ‘yupo tu’, bila sababu wala haja. Anayesema hivyo hamlaumu mtu. Anapotaka kulaumu, ana neno lingine kabisa, samuoyo, na mvivu humwita jasamuoyo. Mtoto aliyelelewa katika lugha yenye mpaka ulio wazi hivyo asingemwita nyanyake jasamuoyo kwa sababu ya maradhi ya miguu. Alipofika kwenye Kiswahili alitafuta kifuniko cha abeta, akapewa bwete, ila hakuambiwa kwamba neno lile linaandamana na kukaa.

Kiswahili nacho kina njia yake ya kusema hivyo hivyo, tena kwa kutumia viambishi vya kitenzi. Chukua kaa, kitie -ji- mbele na -ia nyuma: kujikalia. Kwa kanuni hiyo tunapata kujiendea, kujilalia, kujisemea. Yote yana ladha ya kutenda jambo bila lengo la mbali na bila kumdhuru mtu. ‘Nyanya amejikalia kivulini’ ni sentensi safi, yenye upole, na ndiyo ambayo ningemwandikia yule mtoto pembeni mwa daftari kwa kalamu nyekundu.

Hadi hapa ningeweza kuliacha neno mikononi mwa walimu, lakini bwete limeingia hospitalini. Nchini Tanzania, wahudumu wa afya wanapozungumzia shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo, hutaja ulaji usiofaa, pombe, tumbaku, na kisha tabia bwete. Maana yake ni mazoea ya kushinda umekaa au umejilaza ukiwa macho, mwili ukitumia nguvu kidogo mno, hata kama mikono ina kazi. Usingizi hauhesabiwi. Hapa bwete limekuwa kivumishi, tena kisichochukua kiambishi cha ngeli, kama safi na hodari: tabia bwete, maisha bwete, mtindo bwete. Mimi naliunga mkono istilahi hii kwa moyo wote. Ni fupi, ni ya Kiswahili chenyewe, na inalaumu tabia bila kumtukana mwenye tabia.

Kwetu Kenya, mabango na matangazo ya afya hupenda kusema ‘kutofanya mazoezi’. Hili ndilo linalonikera. Mwambie mkata miwa wa huku, aliyeamka alfajiri na panga na kushinda akikata na kupakia miwa ya kiwandani Awendo, kwamba afya yake inahitaji mazoezi. Atakuona huna adabu, na atakuwa na haki. Mazoezi, kwa masikio ya wengi, ni kukimbia barabarani kwa viatu vya raba au kunyanyua vyuma mjini. Shirika la Afya Duniani halikusema hivyo. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima aushughulishe mwili kwa nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kila shughuli inahesabiwa: kulima, kuteka maji, kufua, kutembea kwenda sokoni, kucheza ngoma. Kwa hiyo neno linalostahili ni kushughulisha mwili. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 kuhusu vyanzo vya magonjwa yasiyoambukizwa ulipata kwamba ni asilimia 6.5 tu ya watu wazima ambao hawakufikia kiwango hicho. Duniani kote, kwa hesabu ya mwaka 2022, ni asilimia 31, watu wapatao bilioni 1.8. Taifa lenye jembe mkononi namna hiyo haliwezi kuhubiriwa kwa maneno yaliyotungiwa watu wa ofisini.

Mwongozo huo huo wa 2020 unatenganisha mambo mawili, na tukikosa maneno mawili tutayachanganya. La kwanza ni kutoushughulisha mwili vya kutosha. La pili ni tabia bwete, yaani wingi wa saa za kukaa. Mtu anaweza kutimiza dakika zake 150 kwa kupalilia Jumamosi, kisha akakaa saa kumi kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Huyo ameushughulisha mwili na bado ana tabia bwete.

Nenda pale Uriri, kwenye barabara kuu itokayo Kisii kupitia Rongo na Migori hadi mpakani Isebania. Matatu inasimama. Dereva hainuki kitini. Pengine hajainuka tangu alipotoka Kisii, na hatainuka mpaka afike. Makanga ameruka chini kabla gari halijatulia, amepanda kufunga gunia la omena juu ya paa, ameshuka, amemvuta abiria mkono, amekimbia na gari hatua kadhaa na kurukia mlangoni. Watu hawa wawili ni wachapakazi sawasawa. Wanaamka saa ile ile na kulala saa ile ile. Lakini, kwa maana hii ya hospitalini, mmoja ameshinda bwete.

Jambo hili lilichunguzwa London na daktari aitwaye Jerry Morris. Mwaka 1953 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wafanyakazi wanaume wapatao 31,000 wa usafiri wa mji huo. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa mbili: dereva aliketi, naye kondakta alipanda na kushuka ngazi mchana kutwa akikata tiketi. Morris aliona kwamba makondakta hawakushikwa na ugonjwa wa moyo mara nyingi kama madereva, na waliposhikwa haukuwaua kwa wingi vile. Hakuridhika hapo. Alijiuliza kama pengine madereva walikuwa wanene tangu walipoajiriwa, akaenda kuzitafuta kumbukumbu za sare, akalinganisha vipimo vya viuno vya suruali. Kweli, za madereva zilikuwa pana zaidi, kwa hiyo akajua kwamba sababu haikuwa kiti peke yake. Hata hivyo utafiti wake ndio uliofungua njia kwa wengine. Mimi namheshimu Morris kwa jambo moja linalohusu makala haya: hakumwita dereva wa basi mvivu. Alitenganisha kazi ya mtu na kile mwili wake unachofanya akiwa kazini, na neno bwete linatuwezesha kufanya hivyo hivyo.

Kijana wa bodaboda anastahili haki hiyo. Anaketi juu ya pikipiki kutoka giza la asubuhi hadi la usiku, akila vumbi na mvua. Mtu akisema ‘wanabodaboda ni wavivu, wamekimbia mashamba’, amesema uongo. Akisema ‘kazi ya bodaboda ni ya kukaa bwete’, amesema jambo la afya linaloweza kujadiliwa zahanati, na kijana mwenyewe anaweza kulikubali pasipo kuona haya. Jambo hilo linamhusu abiria wake pia, kwa sababu yule aliyekuwa akitembea kwenda sokoni au shuleni sasa anabebwa.

Wapo watakaoniuliza mbona Wakenya tuna ‘kulaza damu’. Ni nahau nzuri, na kurasa zetu za michezo haziwezi kuishi bila yake: timu inayoongoza ligi huonywa isilaze damu. Majirani zetu wa Tanzania, mahali hapo hapo, huandika ‘wasibweteke’. Bweteka limeundwa kutokana na bwete kama chafuka lilivyoundwa kutokana na chafu, nalo limevuka kutoka mwilini hadi moyoni: aliyebweteka ameridhika na alichokipata, akaacha kujitahidi. Katika kitenzi hiki lawama ipo, siikatai. Mtu hubweteka kwa hiari yake. Lakini tusiirudishe lawama hiyo nyuma hadi kwenye bwete lenyewe, ambalo linaweza kusemwa juu ya mfungwa, mgonjwa, karani au dereva.

Kulaza damu nako kuna ukweli ndani yake. Moyo huisukuma damu hadi miguuni, lakini kuirudisha juu kunahitaji msaada wa misuli ya shavu la mguu, ambayo huibana mishipa kila tunapopiga hatua. Mtu akikaa saa nyingi bila kuinuka, damu inalala kweli, na wakati mwingine inaganda. Mwaka 1940, London ikipigwa mabomu usiku, daktari wa kuchunguza maiti Keith Simpson aliona vifo vya ghafla vya watu waliolala wameketi katika viti vya turubai ndani ya mahandaki. Ukingo wa kiti uliibana mishipa ya mapaja, damu ikaganda miguuni, donge likasafiri hadi mapafuni. Abiria wa basi la usiku la kutoka Migori kwenda Nairobi afadhali ashuke anyooshe miguu kila basi linaposimama.

Basi niandike matumizi ninayoyapendekeza. Kaa bwete, jilaza bwete, piga ubwete: sahihi. Tabia bwete, maisha bwete, kazi bwete: sahihi, na wanahabari wetu wayatumie bila woga. ‘Fulani ni bwete’ naiona nzito na isiyo ya haki, hasa inaposemwa juu ya mgonjwa, mlemavu au mzee, na mwalimu asiiwekee vema. Kusema ‘mabwete’ kwa wingi hakuna msingi, kwa kuwa neno halibadiliki. Anayetaka kulaumu ana hazina ya kutosha: mvivu, mzembe, goigoi, mtepetevu, mpiga zohali.

Msomaji mmoja ametaka kujua kama mzururaji naye huhesabiwa kuwa amekaa bwete. Jibu fupi ni hapana, maana miguu yake haitulii. Swali lake, hata hivyo, linagusa Kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, tulichorithi kwa wakoloni, kinachowatia hatiani watu waitwao wazembe na wasio na utaratibu, pamoja na maoni ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya Desemba 2020 yaliyozikataa sheria za namna hiyo. Kuzurura, kurandaranda na kutangatanga nitayashughulikia katika sehemu ya tatu.