Kiptanui: askari aliyeshuka chini ya dakika nane

Huku kwetu, Eldoret na viunga vyake, gwanda la jeshi ndilo limewalisha wakimbiaji wengi.

Moses Kiptanui, aliyezaliwa Marakwet mwaka 1970, alikuwa askari wa Jeshi la Kenya. Mbio ziko kwenye ukoo: Richard Chelimo na Ismael Kirui ni binamu zake. Mwaka 1990 alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana katika mita 1,500. Mwaka uliofuata, Tokyo, akawa bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Kisha ukaja 1992. Mchujo wa Kenya wa Olimpiki hauangalii sura wala taji la mtu. Bingwa wa dunia hakufuzu. Barcelona, Matthew Birir, Patrick Sang na William Mutwol wakazoa medali zote tatu bila yeye. Michezo ilifungwa Agosti 9. Agosti 16, mjini Cologne, Kiptanui akavunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kwa 7:28.96. Siku tatu baadaye, Zurich, akavunja ya viunzi kwa 8:02.08. Sijaona mwanariadha aliyeachwa nyumbani akajibu vikali namna hiyo.

Zurich tena, Agosti 16, 1995, siku chache baada ya taji lake la tatu la dunia, alikimbia viunzi kwa 7:59.18: mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika nane. Raha haikukamilika. Jioni hiyohiyo Haile Gebrselassie alimpokonya rekodi ya mita 5,000 aliyoiweka Rome mwezi Juni.

Atlanta 1996, Olimpiki yake pekee, Joseph Keter alimtangulia kwa sekunde moja na ushei. Akarudi na fedha.

Wapo wanaompunguzia hadhi kwa kukosa dhahabu ya Olimpiki. Mimi simo. Uwanja mkuu wa Eldoret una jina la Kipchoge Keino, na ni haki yake. Kaunti ya Uasin Gishu ikitafuta jina la jukwaa moja pale, Kiptanui asisahauliwe.