Rose alimpenda Charlie, au alikuwa na msiba tu?

Mtu akikuganda wakati wa shida, utajuaje kama ni mapenzi au ni machungu yanatafuta pa kuegemea?

Swali hilo limetugombanisha mimi na mume wangu hapa Pangani tangu tuangalie The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951. Stori yake ni ya huku kwetu, enzi za Mjerumani, mwaka 1914. Askari wanachoma kijiji chenye misheni. Mchungaji Samuel anachanganyikiwa, anafariki. Dada yake, Rose, anaondoka na Charlie, fundi mlevi mwenye boti chakavu.

Mume wangu anasema Rose alimpenda pale pale. Mimi nasema hapana! Kaka hata hajapoa kaburini, bibie anataka boti igeuzwe silaha ya kuzamisha Louisa, meli ya kivita ya Wajerumani. Hapo msiba ndio umeshika usukani. Busu linakuja baadaye, wakishapona risasi na maporomoko.

Sura hazidanganyi

Walioteuliwa kuigiza nao wananiunga mkono. Hapa hakuna brazameni wala kisura wa kalenda: Humphrey Bogart alikuwa na miaka 51, Katharine Hepburn 44. Kwenye riwaya ya C.S. Forester, Charlie ni mtu wa London. Kwa ajili ya Bogart akageuzwa Mkanada. Naye Hepburn aliambiwa na Huston atabasamu kama Eleanor Roosevelt anapotembelea majeruhi hospitalini. Ndiyo maana Rose anatabasamu huku anaumia.

Kinachoniudhi ni kimoja: wenye kijiji kile, waliounguliwa nyumba, hawakupewa hata jina. Kwani wao hawakuwa na wapenzi?

Kwa nini tunabishana hivi? Kwa sababu mimi nilichumbiwa miezi miwili baada ya kumzika baba. Mume wangu anaogopa kwamba na yeye alikuwa boti tu.

Nimemjibu hivi: "Mume wangu, nilipanda kwa sababu ya msiba. Lakini maji yalipotulia, sikushuka."

Wewe je, mwenzako alipanda kwa nini? Muulize leo, tena bila kununa.